Nguo ya kulalia yaishia mlango upi?

Yako mambo ambayo serikali haikuyawekea sheria wala hakimu hakuyatolea hukumu, lakini kila mwenye macho huyahukumu kila siku apitapo njiani. Moja katika hayo ni nguo ya kulalia. Je, yafaa mtu kutoka nje na vazi alilolala nalo? Na akitoka, afike wapi ndipo aambiwe kuwa amevuka mpaka: dukani, sokoni, ama shuleni kwa mwanawe? Maneno haya yamekuwa yakizungumzwa sana hapa Mombasa, na hata kule bara pia, na kama ilivyo desturi yetu, lawama imekwisha kugawiwa kabla ya swali lenyewe kuulizwa vizuri. Fungu kubwa la lawama hizo wamepewa akina mama.

Kilichonilazimisha kushika kalamu ni matangazo ninayoyaona yakibandikwa malangoni. Shule moja ya msingi, ambayo sitaitaja, imeandika kuwa mzazi haruhusiwi kuingia na "nguo za kulalia, leso, dera na champali". Tangazo ni la maneno machache, lakini ndani yake mmetiwa vitu vinne ambavyo havifanani hata kidogo. Na katika zahanati moja, ambayo nayo sitaitaja, nilimwona kwa macho yangu askari wa lango akimzuia mama kijana aliyekuja alfajiri na mtoto mwenye homa, ati kwa kuwa alijitanda leso juu ya gauni la kulalia. Aliambiwa arudi kwake akavae vizuri. Mtoto alikuwa akihema kama aliyetoka mbio. Watu waliokuwa kwenye foleni ndio waliomtetea mpaka akaingia. Sasa nauliza, lau siku ile foleni ingekuwa haina watu?

Basi hapa pana mambo mawili yaliyofungwa kamba moja, nami nataka kuyafungua. La kwanza ni kujua nguo ya kulalia ni ipi. La pili ni kujua nani ana haki ya kumfungia mtu mlango kwa sababu ya nguo.

Kwa sisi tuliolelewa chuoni, tukakaa mkekani na juzuu mbele yetu, jambo hili si geni. Katika Suratun-Nur, aya ya 58, waumini wafundishwa kuwa ziko nyakati tatu ambazo hata mtoto wa nyumbani na mtumishi hawana ruhusa ya kuingia chumbani bila ya kubisha: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Tazama jinsi lilivyopangwa. Nguo ya kupumzikia imetambuliwa, tena haikulaumiwa. Kilichotiliwa mkazo ni mlango. Aliye nje ndiye aliyepewa wajibu wa kubisha, na aliye ndani akapewa haki ya kustarehe. Isitoshe, nyakati zenyewe si za usiku tu, kwani mojawapo ni ya mchana kweupe. Kwa hiyo mwenye kusema kuwa vazi hili ni aibu kwa sababu ni la usiku, ameteleza mwanzo wa njia.

Kutokana na mafunzo hayo ndipo hodi yetu ikawa na uzito. Mtu wa pwani hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka bila ya kununa. Ule muda baina ya hodi na "karibu" ndio muda wa leso. Kila nyumba ina msumari ama kamba nyuma ya mlango, na hapo pana leso. Mwenye nyumba huivuta, akajitanda, ndipo akaitikia. Vazi la kulalia limegeuka likawa vazi la kupokelea mgeni, na haikuchukua hata dakika moja.

Wajenzi wa zamani wa Lamu waliyajua haya kuliko sisi tunaojenga maghorofa. Nyumba ya mawe ya Lamu haina mlango mmoja tu baina ya mtu na walimwengu. Mgeni huanzia daka, ambalo liko njiani kabisa na lina baraza zake za kukalia. Akiruhusiwa huingia tekani. Kisha kiwanda, penye kupokea mwanga wa juu. Na vyumba viko nyuma ya hapo, virefu na vyembamba, na kila ukizidi kuingia ndivyo wasiokuwa wa nyumba wanavyopungua. Na ili mwanamke aweze kwenda kwa jirani bila ya kushuka njiani, wakajenga wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, kutoka nyumba hii hadi ile. Kwa wikio, bibi wa Lamu aliweza kumtembelea mwenziwe na nguo yake ya nyumbani asionekane na mpita njia hata mmoja.

Alipolazimika kupita njiani, ilikuwako shiraa, nayo ni mfano wa hema la kitambaa lililobebwa na watumwa, bibi akiwa katikati. Hapa tusijisahaulishe. Stara ya bibi yule ilishikwa mikononi mwa wanawake ambao wao wenyewe hawakuruhusiwa kujifunika kama yeye. Buibui lilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, hata mjukuu wa mtumwa aliweza kujinunulia stara yake mwenyewe, bila ya kubebewa wala kumbebea mtu. Na buibui nalo, tuseme ukweli, limeficha siri nyingi. Ni magauni mangapi ya kulalia yaliyokwisha kupita Barabara ya Digo saa nne za asubuhi, yamefunikwa na buibui, na hakuna aliyelalamika?

Lakini si kila mtu alijaliwa nyumba ya mawe. Wengi katika mji wetu wamelelewa katika nyumba za Majengo: ukumbi mmoja katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na kila chumba kina jamaa yake. Choo, bafu na jiko viko uani, tena ni vya watu wote. Mtu wa chumba cha mbele akiamka usiku kwenda chooni, itambidi apite milango ya jamaa wengine wote hadi afike. Je, mtu huyo tumwite yuko ndani ama yuko nje? Mimi sijaona mwanasheria wa kulijibu swali hilo.

Watu wa nyumba zile walilijibu kwa nguo. Walijichagulia mavazi ya kulalia ambayo yaweza kuonekana: mwanamume kikoi na fulana, mwanamke leso ya kujifunga kifuani na ya pili mabegani. Nguo hizo zilitayarishwa kwa macho ya jirani tangu mwanzo. Na aliyekwisha kuonekana uani na watu ishirini, pana ubaya gani akitoka hatua arobaini kwenda kununua mahamri na mbaazi? Muuzaji mwenyewe amekaa mlangoni kwake na karai lake, amejitanda leso vile vile. Sote wenye umri wangu tumekula mahamri hayo, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyesema kuwa yametiwa ila na mavazi ya aliyeyanunua.

Jambo hili wala halikutuhusu sisi peke yetu. Mji wa Shanghai kule Uchina ulikuwa mashuhuri kwa watu wake kutembea na pajama mchana, wakaenda nazo sokoni. Mwaka wa 2010, mji huo ulipokuwa mwenyeji wa Maonyesho ya Ulimwengu, wakuu wake walianzisha kampeni ya kuwataka raia waache mtindo huo, ati wageni wasije wakawaona si wastaarabu. Ndipo ikaelezwa kuwa wengi wa wakaazi wale walikulia katika vichochoro ambamo vyumba ni vidogo, jiko na choo ni vya shirika, na kichochoro chenyewe ndicho ukumbi. Nani hapa asiyeiona Majengo katika maelezo hayo? Miaka kumi baadaye, mwezi wa Januari 2020, wakuu wa mji wa Suzhou, katika jimbo la Anhui, walikwenda mbali zaidi: waliwapiga picha kwa mitambo ya barabarani watu saba waliovaa pajama, wakazitangaza picha zao na majina yao ili waaibike. Raia walikasirika, na wakuu wale wakalazimika kuomba radhi. Mtu akiniuliza nani aliyevunja heshima ya mji baina ya mwenye pajama na mwenye mtambo, sitachukua muda kumjibu.

Neno pajama lenyewe lina kisa chake. Ni la Kiajemi, pai ni mguu na jama ni vazi, na huko Bara Hindi ilikuwa ni suruali pana ya kufungwa kwa kamba, ambayo watu, wake kwa waume, waliivaa mchana mbele za watu. Waingereza waliokwenda kutawala huko waliona yafaa kwa joto, wakaichukua, lakini wao wakaipeleka kitandani. Kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imeanza kuliondoa lile shati refu ambalo wanaume wa Uingereza walilala nalo. Sasa angalia kioja. Mzungu huyo huyo wa kulala na shati refu, alipofika pwani yetu na kumkuta mzee wa Kiswahili na kanzu yake ya kwendea msikitini, akaona kuwa watu wa huku wanatembea na mashati ya kulalia. La mchana la Mhindi akalifanya la usiku. Letu la heshima akaliona la usiku pia. Baadaye, katika mahoteli na majumba ya walowezi huko Nairobi, kanzu nyeupe na mshipi mwekundu ikawa ni sare ya mtumishi wa mezani. Na wakati huo huo, hapo jirani Uganda, kanzu ni vazi ambalo Mganda hathubutu kwenda kuposa bila yake. Kitambaa ni kile kile na mshono hautofautiani sana. Kilichobadilika ni jicho la mwenye kutazama na cheo alichonacho.

Kwa sababu hiyo mimi nina wasiwasi kila nionapo mtu mwenye cheo akiandika orodha ya nguo. Aghalabu orodha ile haielezi heshima, huwa yaeleza alikotoka mwandishi. Hata wakubwa hawakusalimika: mwezi wa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa, Bwana Moses Wetang'ula, alitangaza kuwa suti za Kaunda hazitakubaliwa Bungeni, na mavazi ya kiasili kadhalika. Ikiwa suti aliyoivaa Rais wa nchi yaweza kukataliwa mlangoni, leso ya mama wa Kisauni itapata wapi mtetezi?

Turudi kwenye lile tangazo, tulichambue neno baada ya neno.

Leso si nguo ya kulalia, na sijui aliyeanzisha fikira hiyo aliitoa wapi. Ilianza hapa hapa pwani mwishoni mwa karne ya 19, akina mama walipozishona pamoja leso za mkononi, ambazo jina lake twalipata kwa Wareno, zikawa nguo moja pana. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zajulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa Mombasa mwaka wa 1887 na mpaka leo watu wa Biashara Street hawakulisahau. Leso ndiyo yenye kusema maneno ambayo kinywa kimeona haya kuyasema. Mtoto hupokelewa kwayo azaliwapo, hubebwa nayo mgongoni, na mwanamke akienda msibani bila ya leso, yeye ndiye huonekana amekosa adabu.

Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, nilipomsomea tangazo lile, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akaniambia, "leso hii nimebebea watoto saba, nimeswalia, na wazee wangu nimewalilia nayo. Nikenda kulala huivua, nikajifunika shuka. Sasa huyo mwalimu amejuaje kuwa nailalia?"

Nikamwambia, "Labda, Bi, ameona watoka nayo asubuhi."

"Na yeye koti lake je? Jioni haingii nalo chumbani?"

Sikuwa na la kumjibu.

Dera nalo lina safari yake. Jamaa zetu Wasomali wana baati, ambayo ni gauni pana la pamba la kukaa nalo nyumbani, na wana dirac, jepesi la kumeta, la kuendea arusini. Ukiyatazama kwa mbali waweza kudhani ni nguo moja. Kwao hakuna anayechanganya, kwani kitambaa na shumizi ya ndani vyatosha kueleza kuwa huyu yuko nyumbani na yule yuko sherehe. Lilipotufikia sisi likaitwa dera, likashonwa kwa kila namna ya kitambaa, na kila mtu akalitia mahali pake. Kwetu Mombasa ni vazi la nyumbani na mtaani, na mwanamke huongeza mtandio akitoka. Wageni watokao Nairobi likizo za Disemba hulinunua siku ya kwanza, wakalivaa hotelini, ufuoni na hata garini wakirudi kwao. Mgeni apita nalo mbele ya Fort Jesus akipigwa picha, wala hapana amwambiaye neno. Mwenyeji wa Kibokoni akilivaa kumpeleka mtoto shule, ambayo iko hatua mia kutoka kwake, aambiwa amekuja na nguo ya kulalia. Haki iko wapi? Na champali je? Katika mji wa joto na mchanga, anayemtaka mzazi avae viatu vya kufungwa kamba ili alete daftari lililosahauliwa, huyo anatafuta ugomvi.

Limebakia gauni la kulalia lenyewe, na juu ya hilo sitawatetea watu kwa jambo wasilostahili. Gauni jepesi kama utando, lililokatwa kwa ajili ya chumba kilichofungwa, halina la kufanya katika matatu wala sokoni Kongowea. Pajama zenye picha za dubu, akazivaa mtu mzima mwenye wajukuu kuendea benki, vile vile. Nguo ya namna hiyo yatoa khabari za chumbani kwa watu ambao hawakuuliza. Aliye mbele yako kwenye foleni hakupiga hodi kwako, wala hukumkaribisha. Sasa kwa nini umlazimishe kuwa kama aliyeingia?

Wala udhuru wa Majengo haumfai kila mtu. Mtu anayekaa ghorofa ya tano, ana bafu lake ndani na mlango wa kufunga kwa ufunguo, alijichagulia vazi jepesi kwa kuwa hakuna amwonaye. Hiyo ni haki yake. Lakini akisha, ateremka na vazi lile lile ngazi zote tano hadi kioski kununua maziwa, akasema kuwa hata zamani watu walitoka hivyo. La hasha. Zamani walitoka na nguo iliyokwisha kuchaguliwa kwa ajili ya macho ya jirani. Yeye amechukua starehe ya nyumba ya kufungwa akaichanganya na ujirani wa nyumba ya wazi. Leso moja mabegani ingalimaliza maneno yote.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa tungo, nililitia jambo hili katika ubeti mmoja siku tulipolizungumza barazani:

Leso si nguo ya ndani, mwenye kusema hukosa,
Yafika hata sokoni, na msibani hupasa,
Gauni la kitandani, hilo ndilo naligusa,
Likalie sandukuni, kukishakucha kabisa.

Wako walionambia kuwa hayo ni mambo ya kizamani, ulimwengu umekwenda mbele. Umekwenda wapi? Huko Uingereza, mwezi wa Januari 2010, duka moja la Tesco katika mtaa wa St Mellons, mjini Cardiff, lilitia tangazo la kuwakataza wateja wasije na nguo za kulalia wala miguu mitupu. Mwaka wa 2016, katika mji wa Darlington, mwalimu mkuu mmoja aliwaandikia wazazi barua akawaomba wajitahidi kuvaa nguo za mchana wanapoleta watoto shule, kwa kuwa alikuwa akiwaona na pajama malangoni na hata ndani ya mikutano. Walikuwako waliomuunga mkono na waliomkasirikia, na yalisemwa mengi. Ninalolipenda katika kisa kile ni njia aliyoipita. Aliandika barua, akaomba, akaeleza sababu yake, nayo ni kuwa mtoto hujifunza kujitayarisha kwa siku yake kwa kumtazama mzazi wake akijitayarisha. Neno hilo lina nguvu. Mwalimu wetu angaliandika hivyo, nami ningalikuwa wa kwanza kulitia barua yake katika ukurasa huu.

Duka, tena, ni mali ya mwenyewe. Mteja akikataliwa kwa nguo zake ataenda duka la pili. Zahanati si duka. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, yasema wazi kuwa mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuongeza kuwa isipokuwa awe amevaa gauni la kulalia. Na mtu hupatwa na dharura saa ngapi aghalabu? Homa ya mtoto hupanda usiku. Uchungu wa kuzaa haungojei mtu apige pasi. Nyumba ikishika moto, jirani atakayekimbia kwanza na ndoo ya maji ni yule ambaye hakusimama kutafuta suruali. Vazi la kulalia hospitalini alfajiri si utovu wa adabu. Ni ushahidi kuwa mzazi alipomgusa mtoto akaona anaungua, alitoka mbio. Askari wa lango angeusoma ushahidi ule, angemfungulia haraka zaidi kuliko aliyekuja na tai.

Tena tujihadhari, kwani ulimi unaoaibisha watu kwa nguo hauchelewi kuita mikono. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Operesheni Vijana mwishoni mwa mwaka wa 1968, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia, na wasichana walipata taabu mabarabarani mikononi mwa watu waliojifanya walinzi wa utamaduni. Hapa kwetu, mwezi wa Novemba 2014, wanawake waliandamana mjini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume walioona kuwa hakuvaa vizuri. Wanaume wale walidai wanatetea heshima, na heshima yenyewe wakaitetea kwa kumwacha binti wa watu uchi kituoni pa magari! Anayebandika karatasi langoni hakufanya hayo, wala simsingizii. Lakini amempa askari wake ruhusa ya kumkagua mwanamke kutoka kichwani hadi miguuni na kumtolea hukumu, na ruhusa ya namna hiyo ikitolewa leo, kesho ni kazi kuirudisha.

Ningependa shule na zahanati zifanye kama ifanyavyo misikiti mingi ambayo huweka kikoi ama buibui mlangoni kwa ajili ya mgeni aliyekuja bila ya kujitayarisha. Huvishwa, akaingia, akaagana na wenyeji kwa wema. Msumari mmoja langoni na leso mbili juu yake hazimshindi mwalimu mkuu yeyote. Aliyekuja na gauni jepesi atandwe, apite, na siku ya pili atajitanda mwenyewe bila ya kuambiwa.

Na wanaume je? Katika maneno yote haya sijasikia hata mara moja wakitajwa, na mimi ni mwanamume, basi wacha niseme. Mpaka wa stara ya mwanamume umewekwa tangu zamani, kutoka kitovuni hadi magotini, na kila aliyesoma chuoni anaujua. Lakini mzee hukaa barazani na kikoi kilichokunjwa mapajani na fulana yenye matundu zaidi ya kitambaa, akawa anawahesabu wanawake waliopita na leso. Kijana ameteremsha suruali hata chupi yaonekana, na mtaa umemzoea. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka wa 2020, mabwana wakubwa walihudhuria mikutano kwa kompyuta wakiwa na koti na tai juu, na kikoi cha kulalia chini, kisha wakatoka hapo kuzungumzia maadili. Hata shuleni, baba akija na kaptura ya mpira na ndara, askari humpigia saluti na kumuuliza matokeo ya mechi.

Basi tangazo lile likiandikwa upya, neno leso litolewe, dera litolewe, na champali zitolewe. Gauni la kulalia libakie, na chini yake iongezwe kaptura ya mpira ya baba, kwa herufi zenye ukubwa ule ule.